Benaco na Lukole: Miji ya wakimbizi iliyobadili maisha ya Ngara na Biharamulo

MSAFIRI anayetoka Kahama kwenda mpaka wa Rwanda, akishaziacha Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura, hufika mahali panapoitwa Benaco. Jina hilo si la Kihangaza wala la Kishubi, na wala si la Kiswahili. Ni jina la kampuni ya Kitaliano iliyoweka kambi yake hapo wakati wa ujenzi wa barabara ya Rusumo, na huko Italia kwenyewe ni jina la kale la Ziwa Garda. Katika kumbukumbu za serikali mahali hapo ni Kasulo, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Lakini madereva wa malori, makondakta na hata wenyeji husema Benaco, na hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi.

Jina hilo lilijulikana duniani kote kwa siku chache za mwisho wa Aprili 1994. Katika muda wa saa 24, kati ya tarehe 28 na 29 ya mwezi huo, Wanyarwanda waliokadiriwa wakati ule kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Tanzania. Makadirio ya baadaye yalishuka hadi watu 170,000, lakini hata kwa hesabu hiyo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilikuwa halijapata kushuhudia watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa mara moja. Walitembea kilomita zipatazo 20, wakafika penye bwawa dogo la maji karibu na kambi ile ya zamani ya wajenzi, wakatua mizigo yao. Siku chache baadaye waandishi wa habari wa kigeni walikuwa wakiandika kwamba Tanzania imepata mji wake wa pili kwa ukubwa baada ya Dar es Salaam.

Wasomaji wengi wa mijini wanaikumbuka Ngara kwa picha zile za maturubai yaliyotanda vilimani. Kisichofahamika sana ni kwamba Benaco, na baada yake Lukole, ilikuwa miji kweli, yenye mitaa, masoko, shule, viongozi na siasa zake, na kwamba wakazi wake walikuwa na kila kitu cha mji isipokuwa haki ya kubaki. Kisichofahamika zaidi ni kile ambacho miji hiyo iliwaachia wenyeji baada ya kufungwa, kuanzia bei ya ndizi hadi swali la nani hasa ni Mtanzania.

Ili kulielewa jambo hilo yafaa kurudi nyuma kidogo. Eneo ambalo leo ni wilaya ya Ngara lilikuwa na tawala mbili, Bugufi na Bushubi. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Bushubi ilikuwa na mtawala wake. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba Mhangaza na Mrundi huzungumza bila mkalimani. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka mto Kagera hapo Rusumo mwaka 1894 na kuingia Rwanda, karne moja kamili kabla ya msafara ule wa Aprili kuvuka kwa upande wa pili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi hizi. Waingereza waliichukua pia Gisaka, mashariki ya Rwanda, wakiitamani kwa ajili ya reli, kisha wakairudisha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Bugufi haikurudishwa Burundi. Ikabaki Tanganyika, na watu wake wakawa raia wa upande huu huku shemeji zao wakibaki upande ule.

Kukusanywa kwa watu mahali pamoja kwa amri ya serikali nako hakukuanza na wakimbizi. Biharamulo, ambako Wajerumani walijenga boma linalosimama mpaka leo, ilikumbwa na ugonjwa wa malale, na katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o. Sehemu ya ardhi iliyoachwa na watu katika ukanda huu iligeuka pori, na mapori ya aina hiyo yakaja kuwa hifadhi za wanyama za Biharamulo na Burigi, ambazo tangu mwaka 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kisha ikaja miaka ya 1970 na operesheni ya vijiji. Kwa hiyo wazee wa Biharamulo walipoona mabulldoza yakichonga barabara za kambi mwaka 1994, hawakuwa wakiona jambo geni kabisa.

Wakimbizi pia hawakuwa wageni. Machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata yalileta Watutsi wengi Ngara na Karagwe, na serikali ikawatengea makazi ya kilimo, mojawapo likiwa Muyenzi, wilayani Ngara. Hao walipewa ardhi na majembe, na mwaka 1980 Tanzania ikatangaza kuwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000. Ilikuwa ni sera ya nyakati za Mwalimu Julius Nyerere, aliyetunukiwa nishani ya Nansen ya UNHCR mwaka 1983. Miaka kumi na moja baadaye hali ilikuwa nyingine.

Itakumbukwa kwamba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda alikuwa akitoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi wa kanda, ndege yake ilipotunguliwa Kigali jioni ya Aprili 6, 1994. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi alikuwa naye, naye akafa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza usiku ule. Katika wilaya ya Rusumo, ng'ambo tu ya mto, maelfu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye waliuawa katikati ya mwezi huo. Maiti zilitupwa mtoni. Mto Kagera ukazibeba, zikapita kwenye maporomoko ya Rusumo mbele ya macho ya maofisa wa Tanzania, na nyingine zikafika Ziwa Victoria, ambako Waganda wa Kasensero na vijiji vingine vya pwani walizizika kwa mamia.

Lakini wengi wa waliovuka Aprili 28 hawakuwa wakiyakimbia mauaji hayo. Walikuwa Wahutu wakiwakimbia wapiganaji wa RPF waliokuwa wakisonga mbele, na miongoni mwao walikuwamo walioua. Upande wa Tanzania walitakiwa kusalimisha silaha, na lundo la mapanga lililokusanywa mpakani lilipigwa picha zilizozunguka dunia. Mbrazili Sebastião Salgado naye alipiga picha Benaco, na hizo ni miongoni mwa kazi zake zinazojulikana zaidi.

Mji ule ulipangwa kwa mkato. Mashirika ya misaada yalihitaji kugawa chakula kwa watu laki kadhaa, na njia iliyokuwa rahisi ilikuwa kuwapanga wakimbizi kwa wilaya walizotoka na kuwatumia viongozi wao wale wale. Waliokuwa mameya wa wilaya za Rwanda wakawa mameya wa mitaa ya maturubai. Waliandikisha watu, wakapokea magunia ya mahindi na maharage, wakagawa. Idadi iliyoandikishwa ikazidi idadi ya waliokuwepo, na ziada ikaenda sokoni au mifukoni mwa wakubwa. Aliyesimamia mgawo alisimamia pia ulimi, kwani mkimbizi aliyetamka kwamba anataka kurudi nyumbani alijiweka hatarini.

Mfano mashuhuri ni wa Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Murambi. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa kambini, umati wa maelfu uliwazunguka wafanyakazi wa misaada na polisi, na baadhi ya mashirika yakasimamisha kazi kwa muda. Gatete alikamatwa mwaka 2002 huko Kongo-Brazzaville, na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliyokuwa Arusha ikamhukumu kifungo cha maisha mwaka 2011, adhabu iliyopunguzwa kuwa miaka 40 katika rufaa mwaka uliofuata. Sylvestre Gacumbitsi, aliyeongoza wilaya ya Rusumo yenyewe na kuhusika na mauaji ya Nyarubuye, naye alionekana Benaco akishughulika na mgawo wa chakula. Alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001, akahukumiwa miaka 30, na rufaa ikaifanya kuwa kifungo cha maisha mwaka 2006. Tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa kambini mwishoni mwa mwaka 1994, likisema halitaki msaada wake uwatie nguvu wauaji. Mashirika mengi yalibaki, kwa hoja kwamba watoto na wanawake waliojaa kambini hawakuua mtu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kila upande ulikuwa na sehemu ya haki, na ndiyo maana mjadala huo haujakwisha hadi leo.

Ukiliweka hilo kando, Benaco ilikuwa pia mji wa watu wa kawaida. Watu walilala, wakaamka, wakaoa. Soko lilichipuka kandokando ya barabara kuu, vinyozi wakaweka viti, mafundi cherehani wakafungua vibanda, migahawa ya maturubai ikauza nyama na ndizi, na vilabu vya pombe vikajaa jioni. Kambi ziliongezeka kadiri watu walivyozidi kuja, zikiwamo Lumasi, Musuhura na Keza. Kipindupindu kilichoua maelfu kwa maelfu huko Goma Julai ya mwaka huo hakikufanya maangamizi ya kiasi hicho Ngara, na wahandisi wa maji waliokuwapo wanastahili sehemu kubwa ya sifa.

Na wenyeji je? Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu wapatao 160,000 katika wilaya nzima ya Ngara. Kufikia mwaka 1995 wakimbizi waliokuwa wilayani humo waliwazidi wenyeji kwa mbali. Wa kwanza kuhisi walikuwa akina mama wanaotafuta kuni. Katika kilele cha msiba, wakimbizi wa mkoa wa Kagera walikadiriwa kutumia zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku, na vilima vilivyokuwa na miti vikabaki vipara. Wanyama wa Burigi waliishia kuwa kitoweo. Mihogo na ndizi ziliibwa mashambani usiku. Bei ya ndizi na maharage ilipanda huku bei ya mahindi, yaliyomwagika kutoka kwenye mgawo, ikishuka. Walimu, wauguzi na madereva wa serikali waliacha kazi zao na kwenda kwenye mashirika, ambako mshahara wa mlinzi ulimzidi mwalimu mkuu. Hospitali za misheni za Murgwanza na Rulenge zilijaa wagonjwa kupita uwezo wake.

Watafiti waliofuatilia jambo hili kwa miaka mingi wamelieleza kwa namna inayokubaliana na simulizi za vijijini: aliyekuwa na kitu alipata, asiyekuwa na kitu alipoteza. Mtaalamu wa siasa Beth Whitaker, aliyefanya utafiti magharibi mwa Tanzania katika miaka ile, alionyesha kwamba mkulima mwenye shamba kubwa aliajiri vibarua wakimbizi kwa ujira mdogo, akalima zaidi, akauza kwa bei nzuri, na mwenye mtaji akafungua duka. Kibarua Mtanzania, aliyekuwa akiishi kwa kulima mashamba ya wenzake, alijikuta akishindana na mtu anayelishwa na Umoja wa Mataifa na anayekubali malipo ya sahani ya chakula. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walipata picha kama hiyo kwa kutumia takwimu za kaya za Kagera zilizokusanywa tangu mwaka 1991. Mchumi Javier Baez aligundua kwamba watoto wa Kagera waliokuwa jirani na njia ya wakimbizi walikuwa wafupi na wenye elimu pungufu kuliko wenzao walipopimwa miaka kumi baadaye. Utafiti mwingine, wa Maystadt na Gilles Duranton, ukaonyesha kwamba kwa muda mrefu kaya za maeneo hayo zilinufaika, hasa kwa sababu ya barabara zilizotengenezwa ili magari ya misaada yapite. Barabara nzuri, basi, na mtoto aliyedumaa, katika kijiji kimoja.

Biharamulo haikuwa na kambi kubwa kama za Ngara, lakini ilipata sehemu yake ya shida kupitia barabara. Silaha zilizovuka mpaka ziliingia misituni. Kwa miaka mingi mabasi yaliyopita mapori ya Biharamulo, likiwamo pori la Kasindaga katika njia ya Muleba, yalisafiri kwa msafara yakisindikizwa na askari wenye bunduki, na abiria walifundishwa na wenyeji wao kuficha fedha kwenye soksi. Waliosafiri kwenda Bukoba au Ngara mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawahitaji kusimuliwa.

Mwisho wa Benaco ulikuwa wa ghafla kama mwanzo wake. Novemba 1996 kambi za Zaire zilivunjwa kwa vita na mamia ya maelfu wakarudi Rwanda. Desemba 5, serikali ya Tanzania na UNHCR zilitoa tamko la pamoja kwamba Wanyarwanda wote wanatarajiwa kurudi kwao ifikapo Desemba 31. Viongozi wa kambi walijibu kwa kuwaongoza watu upande wa pili: wiki moja baadaye kambi zilianza kumwagika kuelekea mashariki, ndani ya Tanzania, watu wakiwa na matumaini ya kufika Kenya, Malawi au kokote. Jeshi likawazuia njiani, likawageuza, na msafara ukaelekezwa Rusumo. Kabla ya mwaka kwisha, zaidi ya watu 450,000 walikuwa wamevuka daraja lile lile kurudi walikotoka. UNHCR ililaumiwa na mashirika ya haki za binadamu kwa kutia saini tamko lililowanyima wakimbizi hiari. Serikali nayo ilijibu kwamba nchi maskini ilikuwa imebeba mzigo huo peke yake kwa zaidi ya miaka miwili. Maturubai yalikunjwa, na mji wa pili kwa ukubwa nchini ukawa uwanja wa majivu na mashimo ya vyoo.

Ngara haikupumzika. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi aliyechaguliwa kidemokrasia, alikuwa ameuawa Oktoba 21, 1993, na vita vilivyofuata vilisukuma Warundi Kagera na Kigoma kwa miaka kumi na zaidi. Hao ndio waliojaza Lukole, kambi iliyokuja kugawanywa kuwa Lukole A na Lukole B na kufikia wakazi wapatao 100,000. Kama Benaco ilikuwa mji wa dharura, Lukole ilikuwa mji wa mazoea. Nyumba za matofali ya udongo zilichukua nafasi ya maturubai. Mitaa ilikuwa na viongozi waliochaguliwa, sungusungu walilinda usiku, makanisa yalishindana kwa kwaya, na shule zilifundisha kwa mtaala wa Burundi ili mtoto asipotee siku ya kurudi. Vibanda vya video vilionyesha sinema, na baiskeli zilibeba abiria kati ya A na B.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, iliyochukua nafasi ya ile ya 1965, iliweka mkazo kwenye kukaa kambini. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 bila kibali, na aliyekamatwa nje aliweza kufungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 askari waliwakusanya hata Warundi waliokuwa wameishi vijijini miaka mingi, baadhi wakiwa na wake na watoto wa Kitanzania, wakawapeleka kambini. Hapa sheria ya uraia ya mwaka 1995 ilionyesha makali yake: mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania aliweza kuomba uraia kwa njia ya ndoa, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakuwa na mlango huo. Mama wa Kihangaza aliyeolewa na Mrundi aliambiwa achague kati ya kijiji chake na mume wake.

Mtafiti Simon Turner wa Denmark aliishi na kufanya utafiti Lukole mwaka 1997 na 1998, na kitabu chake kuhusu kambi hiyo kilitoka mwaka 2010. Jambo linalobaki akilini baada ya kumsoma ni malalamiko ya wanaume. Chakula kililetwa na shirika, paa lililetwa na shirika, dawa zililetwa na shirika, na wanaume wakasema kwamba wake zao sasa humwona UNHCR kuwa ndiye mume bora. Vijana wenye elimu kidogo walitafuta heshima kwa njia nyingine: wakawa viongozi wa mitaa, watumishi wa mashirika au wanaharakati wa vyama vya Burundi, ambavyo vilipigwa marufuku kambini lakini vikashindana usiku, wakati mwingine kwa damu. Mashirika yalitaka kumwona mkimbizi asiye na siasa. Mkimbizi mwenyewe hakuwa na kitu kingine alichoweza kukiita chake.

Jambo moja jema lililozaliwa kambini na kudumu ni Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi. Kwizera maana yake ni kutumaini. Wakati kumbukumbu ya redio ya chuki ya RTLM ilikuwa bado mbichi, kituo hiki kilitangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda habari za afya, za mgawo, za amani, na majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Wakimbizi waliondoka, redio ikabaki, na leo wakulima wa Ngara na Biharamulo huisikiliza kwa bei za mazao na habari za wilaya zao.

Mkataba wa amani wa Burundi ulitiwa saini Arusha Agosti 28, 2000, chini ya usuluhishi ulioanzishwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela. Warundi wakaanza kurudi, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa wingi. Lukole ilifungwa mwaka 2008. Ukitaka kuona kufungwa huko kwa tarakimu, tazama sensa: Ngara ilikuwa na watu wapatao 335,000 mwaka 2002, na 320,000 mwaka 2012. Katika nchi ambayo karibu kila wilaya huongezeka, hii ilipungua.

Lakini orodha ya wakimbizi ilipofungwa, swali la nani ni nani halikufungwa nalo. Kambi ilikuwa imewagawa watu wa lugha moja kuwa mwenyeji na mkimbizi, na kadi ya mgawo ndiyo iliyowatofautisha. Kadi ilipoondoka, kilichobaki ni lafudhi, na lafudhi ya Mhangaza ni ile ile ya Mrundi. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa Kagera wafugaji na wakulima iliosema ni Wanyarwanda wasio na vibali. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Biharamulo, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili kuondoka kwa hiari, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu walivuka Rusumo. Wengi walikuwa kweli hawana vibali, na ujambazi uliokuwa ukiwasumbua wananchi haukuwa hadithi. Lakini waliondoka pia watu waliozaliwa Tanzania, wengine wakiacha ng'ombe na wake, na wengine walitokana na familia za wale wa miaka ya 1960 walioahidiwa uraia na wasiokamilisha karatasi. Mkazi wa Ngara anayekwenda kuomba hati ya kusafiria au kitambulisho cha taifa amezoea kuulizwa babu yake alizikwa wapi, swali ambalo mkazi wa Morogoro huulizwa mara chache.

Vurugu za Burundi za mwaka 2015 zilipoleta wakimbizi tena, serikali haikufungua mji mwingine Ngara. Waliopitia Kagera walipokelewa kwenye vituo vya muda, vikiwamo vya Lumasi na Mbuba, kisha wakapandishwa mabasi hadi kambi za Kigoma: Nyarugusu, Nduta na Mtendeli.

Benaco ya leo inaishi kwa barabara. Aprili 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame wa Rwanda walizindua daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha, na maporomoko yale yale yaliyopitisha maiti mwaka 1994 yamejengewa mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam huegesha Benaco usiku yakisubiri kuvuka. Zipo nyumba za wageni, mama lishe, vituo vya mafuta na vijana wanaouza vocha na mahindi ya kuchoma. Wengi wa vijana hao walizaliwa baada ya Desemba 1996, na ukiwauliza kwa nini mahali pao panaitwa Benaco, wengine watakwambia ni jina la kambi. Wachache tu ndio watakaokwambia kwamba kabla ya kambi palikuwa na Wataliano, na kabla ya Wataliano palikuwa na Kasulo.